Tabaka la Sitini na Moja

Mashine yetu ilikuwa na mkono mmoja tu, na mkono wenyewe ulishafanya kazi miaka mingi kwenye kiwanda cha magari huko ng'ambo kabla ya kuletwa Chamazi. Ulikuwa mrefu kunizidi, wa rangi ya chungwa iliyopauka, na kwenye kiwiko ulikuwa na mkwaruzo ambao hakuna aliyejua ulitokana na nini. Mwishoni mwa mkono huo palifungwa kichwa cha kuchomelea. Waya wa chuma ulipita ndani yake, ukakutana na moto, ukayeyuka, ukatua juu ya meza ya duara iliyokuwa inazunguka polepole. Meza ikimaliza mzunguko mmoja, tabaka moja la chuma limeshalala. Ikizunguka tena, la pili linalala juu ya la kwanza. Hivyo hivyo, mpaka pale palipokuwa patupu asubuhi panakuwa na kitu jioni.

Sikuwahi kuzoea. Watu huniuliza kama kazi ile haichoshi, kukaa kwenye kiti na kutazama mashine ikichora duara lile lile kutwa nzima, nami huwaona kama watu ambao hawajawahi kutazama kitu vizuri. Ukiwa nyuma ya kioo cheusi cha kofia ya kuchomelea, dunia yote huondoka. Hubaki mwanga mmoja mdogo, mweupe katikati na wa buluu pembeni, unatembea. Nyuma yake chuma kinawaka wekundu, kinafifia, kinatulia. Nilikuwa nasahau njaa. Nilikuwa nasahau nimekaa kwenye kiti cha plastiki chini ya bati la moto. Siku moja adhana ya alasiri ilinikuta bado nimeshika kikombe cha chai niliyomiminiwa saa nne asubuhi, na sikumbuki kunywa hata funda moja.

Nilifika kwenye karakana ile nikiwa na cheti cha kuchomelea na kiburi cha kutosha. Wakati huo mashine haikuwepo. Tulikuwa tunajaza vyuma vilivyolika: shafti za mashine za kusaga, meno ya vijiko vya magreda, magurudumu ya mashine za kuvunja kokoto. Chuma kinaletwa kimekonda, unakirudishia mwili wake kwa moto, kinaondoka kimenenepa. Mwenye karakana alikuwa mama wa miaka hamsini hivi, mzaliwa wa hapa hapa Dar, wa ukoo wa Kihindi ulioanza na duka la misumari na nondo. Yeye peke yake katika ukoo wao ndiye aliyesomea uhandisi. Sote tulimwita Injinia, na yeye alipenda hivyo. Alikuwa anaongea Kiswahili cha haraka kuliko sisi, na akikasirika kasi yake inaongezeka mpaka unabaki unatazama midomo tu.

Injinia ndiye aliyesema kwamba kama tunaweza kujaza kilicholika, tunaweza pia kuanza na hewa tupu. Ndugu zake walimcheka. Walitaka banda ligeuzwe ghala la saruji, kwa sababu saruji haina mambo mengi, inakaa ilipowekwa. Yeye akauagiza ule mkono, ukaja na meli, ukafungwa, na mwaka mzima tukahangaika nao. Vitu vyetu vya kwanza vilikuwa aibu. Vilipinda, vilivimba, kimoja kilipasuka chenyewe wakati wa chakula cha mchana, tukakimbia wote na sahani mkononi. Lakini polepole mkono ukatuzoea.

Nyumbani kwetu Mbagala kazi ilikuwa kinyume chake kabisa. Baba yangu ni mchongaji wa mpingo, alikuja mjini kutoka kusini akiwa kijana, na mpaka leo anachongea kwenye kibanda nyuma ya nyumba. Yeye anaanza na gogo lililojaa na kazi yake ni kuondoa. Anasema mtu yumo ndani ya gogo tangu awali na yeye anamfungulia mlango. Nilipomweleza kwamba siku hizi natengeneza vitu kwa kuongeza, tone kwa tone, bila gogo wala mtu ndani yake, alisimamisha patasi akanitazama kwa huruma.

"Sasa kitu chenyewe kinakuwaga wapi kabla hamjaanza?" akauliza.

"Kwenye kompyuta, baba."

"Aah. Basi hakipo."

Alikuwa mbishi, na bado ni mbishi. Lakini mkono wa kazi ninao kwa sababu yake, hilo lazima niliseme wazi, kwani bila hilo yaliyofuata hayaeleweki.

Mpingo hupasuka. Unaweza kuchonga miezi miwili, umefika kwenye kope za macho, ukasikia mlio mdogo, na ufa umepita shavuni. Mchongaji hatupi. Anakusanya vumbi la mpingo ule ule, anachanganya na gundi, anaujaza ufa kidogo kidogo, anaacha ukauke, anapiga msasa, anapaka rangi nyeusi ya viatu, anasugua na kitambaa mpaka pafanane na pengine pote. Baba aliita kazi hiyo kuponya. Nikiwa na miaka tisa hivi nilikuwa ndiye mponyaji wa kibanda kizima, kwa sababu vidole vyangu vilikuwa vyembamba na sikuwa na haraka. Wachongaji wenzake walikuwa wananiletea vinyago vyao vimefungwa kwenye kanga, wananiachia bila kusema kitu. Huo ndio ulikuwa utaratibu wao. Aliyeponya hasemi, mwenye kinyago hasemi, na mchongaji mwingine hata akiona hamuulizi mwenzake. Hakuna aliyeona ni udanganyifu. Ilikuwa adabu, kama vile usivyomtangazia mgeni kwamba shuka alilolalia lina kiraka.

Baba alikuwa akichukua kinyago nilichokiponya, anapitisha kidole gumba taratibu, anatafuta. Akikosa, anatikisa kichwa na kucheka peke yake. Sijui sifa nyingine niliyowahi kupewa ikanifika kama ile.

Basi, mwaka wa pili wa mashine, Injinia alipata mteja. Ilikuwa kampuni ya nchi za nje inayounda sehemu za ndege ndogo za mizigo. Walikuwa wanatafuta karakana za kuwatengenezea pete kubwa za chuma cha pua, zile zinazoshika injini zisiachane na mwili wa ndege. Zamani pete kama hiyo ilitolewa kwenye pande kubwa la chuma, sehemu kubwa ikaishia kuwa takataka. Sasa walitaka ijengwe kwa tabaka. Kila karakana iliyoomba ilitakiwa kutuma pete moja ya mfano. Ikipita vipimo vyao, kazi ingekuja, na sisi mafundi sita tungebaki na banda letu, na saruji ingetafuta pa kulala pengine.

Waya ulitoka kwao, umefungwa vizuri, unatosha pete moja na akiba ndogo. Pamoja na waya ilikuja fomu ndefu. Kompyuta yetu ilikuwa kuukuu na haikuweka kumbukumbu ya mashine kusimama, kwa hiyo mteja alikubali tuandike kwa mkono. Kila tabaka lina mstari wake: saa, joto, gesi, na mwishoni safu moja yenye swali, kama mashine imesimama bila kupangwa. Injinia alinikalisha chini akanieleza safu ile kwa makini kuliko mambo yote.

"Ikisimama, hata kwa kupepesa jicho, usiguse kitu. Bonyeza kitufe chekundu, andika, nipigie simu. Wao ndio wataamua tuendelee au tuanze upya. Tumeelewana?"

"Tumeelewana, Injinia."

"Usiniitikie tu. Rudia."

Nikarudia. Nilirudia vizuri.

Tulipanga siku tatu, asubuhi mpaka jioni, na mapumziko ya jioni yaliandikwa kwenye mpango. Siku ya kwanza ilipita kama usingizi mtamu. Pete ilianza kama mstari kwenye sahani ya chuma, ikawa ukingo wa chungu, ikawa ukuta mdogo unaofika kwenye kifundo cha mguu wangu. Nilipofumba macho kitandani niliiona inaendelea kuzunguka. Asubuhi yake niliona duara kila mahali, kwenye kitumbua, kwenye ndoo, kwenye alama ya kikombe juu ya meza, na nilijiona nina bahati kubwa kuliko watu wote waliosimama kituoni Rangi Tatu kusubiri usafiri.

Siku ya pili baada ya chakula cha mchana Injinia alikwenda bandarini kufuatilia mizigo. Wenzangu walikuwa nje wanachomelea geti la watu. Mimi nilibaki ndani na mkono. Namba kwenye kioo cha kompyuta ilikuwa sitini na moja.

Umeme ukakonyeza. Haukukatika, ulikonyeza tu, taa ya juu ikashuka na kupanda, kitu cha kawaida kabisa mtaani kwetu. Mwanga wa buluu ukazimika na kuwaka tena ndani ya pumzi moja. Lakini niliona. Mahali pale chuma kilibaki na kishimo, ukubwa wa punje ya mtama, na pembeni yake weusi kidogo.

Nilibonyeza kitufe chekundu. Hilo nililifanya. Meza ikasimama, kukawa kimya, nikasikia wenzangu wanacheka nje.

Na hapa ndipo ningependa kusema kwamba nilifikiri. Ningependa kusema nilipima, nikamwonea Injinia huruma, nikawaza wale ndugu zake na saruji yao, nikaamua. Sikuamua chochote. Nilikuwa bado ndani ya ule ulimwengu wa mwanga mmoja, na ndani yake kulikuwa na ufa. Mkono wangu ukachukua grenda ndogo ukasafisha weusi. Ukachukua tochi ya kuchomelea ya mkono, ukadondosha matone matatu, moja, la pili, la tatu, ukasugua kwa brashi ya waya mpaka pakalingana. Nilipitisha kidole gumba juu yake nikiwa na glavu. Nikacheka peke yangu. Kisha nikawasha mashine, ikaendelea, na tabaka la sitini na mbili likalala juu ya kazi yangu na kuifunika.

Kwenye fomu, kwenye ile safu ya mwisho, niliandika: hapana. Niliandika kwa mwandiko mzuri.

Injinia aliporudi aliuliza, "Vipi, salama?"

"Salama, Injinia," nikasema, na nilijisikia salama kweli. Ndiyo maana mpaka leo siamini sana hisia zangu nikiwa na furaha.

Pete ilikamilika siku ya tatu. Ilikuwa nzuri, na sisemi hivyo kwa sababu ni yetu. Ilikuwa na mistari myembamba ya tabaka kuzunguka mwili wake wote, na jua la jioni lilipoingia mlangoni mistari ile ilionekana kutembea. Wenzangu waliigusa kwa kiganja kama watu wanaogusa mtoto mchanga wa jirani. Injinia aliizunguka mara mbili, akaenda nyuma ya banda, na niliporudi kutoka kunawa mikono nilimkuta huko anafuta macho na ncha ya mtandio. Akanikemea kwamba natembea bila viatu vya kazi.

Seremala akaanza kutengeneza kasha la mbao. Gari la mizigo lingekuja baada ya siku nne.

Siku hizo nne ndizo nilizoumwa. Siku ya kwanza nilikuwa bado najisifu moyoni. Siku ya pili nilikaa nje ya nyumba nikimenya mihogo, ndege ikapita upande wa Kitunda inashuka kwenda uwanjani, imetoa magurudumu, na nikajikuta natafuta kwa macho mahali injini ilipofungwa. Nilijua ndege ile haikuwa na kitu changu. Hata hivyo niliitazama mpaka ikazama nyuma ya minazi na mapaa ya bati, na kisu kilikuwa kimesimama ndani ya muhogo. Ndani yake kulikuwa na watu wamefunga mikanda, wengine wamesinzia, mmoja labda anafikiria nani atampokea. Hakuna hata mmoja aliyekuwa anafikiria pete.

Nilianza kujitetea, kwa sauti, jikoni. Nilijiambia kuchomelea kwangu ni kuzuri kuliko kwa mashine, na hilo lilikuwa kweli. Nilijiambia pete ile ni ya mfano tu, wataipima, haitaruka. Hilo pia lilikuwa kweli. Lakini wakiipima ikapita, wataamini ile fomu, na pete zitakazofuata zitajengwa na mimi huyu huyu, kwenye umeme huu huu unaokonyeza, na mkono wangu huu usiouliza ruhusa. Niliunguza mihogo. Usiku nililala nikiota kidole gumba kinazunguka juu ya chuma bila kufika mwisho.

Nilitaka kumuuliza baba. Nilifika mpaka mlangoni kwa kibanda, nikamwona ameinamia kazi, nikarudi. Nilijua atakachosema na sikutaka kukisikia.

Siku ya nne niliwahi karakana kabla ya wengine. Injinia alikuwepo, anakagua kasha, anaimba kwa pua.

"Shikamoo, Injinia."

"Marahaba. Mbona mapema? Umefukuzwa nyumbani?"

"Tabaka la sitini na moja," nikasema. "Umeme ulikonyeza. Kikatokea kishimo. Nikakijaza kwa mkono. Kwenye fomu nimeandika hapana."

Aliacha kuimba. Mtandio ulimteleza begani na hakuurudisha. Nilisubiri ile kasi yake ije, nilikuwa nimejiandaa kwayo njia nzima, lakini aliongea polepole, neno moja moja, na hiyo ilinitisha zaidi.

"Nani mwingine anajua?"

"Mimi na wewe."

"Mimi nimekuuliza siku ile ile. Ukaniambia salama."

"Ndiyo."

"Kwa nini, dada? Si nilikwambia? Si ulirudia?"

"Sijui, Injinia. Nyumbani ndivyo tunavyofanya."

Alikaa juu ya kasha. Najua alikuwa anawaza, maana hata mimi ningewaza. Gari lilikuwa linakuja saa nne. Sisi wawili tungenyamaza, na kila mtu mwingine duniani angefurahi. Niliona wazo lile linampita usoni, likakaa, likaangalia huku na huku. Kisha akatoa simu, akampigia mwenye gari asije.

Mteja alipigiwa mchana, kwa video, na Injinia aliniweka mbele ya kioo niseme mwenyewe, kwa Kiingereza changu cha chuo cha ufundi. Upande wa pili alikuwa mzee mwenye miwani, mpole. Hakukasirika. Aliuliza jambo moja tu: kishimo kilikuwa upande gani wa pete?

Nikageuka kuitazama meza. Meza ile ilikuwa inazunguka. Niliposimamisha, ilisimama ilipopenda. Nilikumbuka namba ya tabaka kwa sababu ilikuwa kwenye kioo, lakini duara halina mwanzo, na mimi sikuweka alama popote, sikuandika popote. Nilifanya kila linalowezekana pasionekane.

"Sijui," nikasema.

Mzee yule akasema basi tuikate, tutafute, tumpelekee picha.

Niliikata mimi. Injinia hakuniamuru, alinipa tu glavu. Msumeno wa mkanda uliingia kwenye pete na kulia, na maji meupe ya kupoozea yakamwagika sakafuni, na wenzangu walisimama ukutani wamekunja mikono. Walikuwa wameshaambiwa. Hakuna aliyenisema, na ningependa wangenisema. Tulikata kipande, tukakisugua mpaka king'ae, tukapaka tindikali kidogo ili tabaka zijitokeze, tukahesabu mpaka sitini na moja, tukaangalia kwa kioo cha kukuza. Safi. Tukakata kingine. Safi. Tulikata siku nzima na asubuhi iliyofuata, mpaka pete ikawa rundo la vipande kama mkate uliokatiwa watu wengi, na kila kipande kilikuwa safi.

"Labda hapa," nilikuwa nasema. "Hapana. Labda pale."

Kwa kila kipande nilitamani tukione kile kishimo. Nilitamani kionekane kibaya, cheusi, chenye mapovu, ili iwe kweli kwamba nilikosea na kwamba kukata kulikuwa na maana. Injinia alishika kipande cha mwisho, akakigeuzageuza kwenye mwanga, akakiweka chini.

"Sasa nitamwambia nini huyu baba wa watu? Kwamba kipo, ila hatujui kipo wapi?"

Ndivyo alivyomwambia. Mzee alishukuru kwa ukweli. Alisema waya mwingine hautaletwa kwa mzunguko huu, na kazi ile itaenda kwa wengine, lakini safari ijayo tukitaka tuombe tena tutakaribishwa kama kila mtu. Simu ikakatika. Injinia alikaa akitazama kioo cheusi. Nilimwambia nitaondoka, nisiwe mzigo. Hapo ndipo ile kasi yake iliporudi, sikushika hata nusu ya maneno, ila nilisikia mara tatu neno pumbavu na mara moja kesho saa mbili kamili.

Nilifika nyumbani jua bado lipo. Baba alikuwa kibandani, ana kinyago cha mwanamke mwenye mtungi, amefika kwenye shingo. Nilikaa kwenye gogo nikamsimulia yote, kuanzia umeme mpaka msumeno. Alisikiliza bila kuacha kuchonga, mpaka nilipofika kwenye vipande.

"Wakakiona?"

"Hawakukiona."

"Hata wewe mwenyewe?"

"Hata mie."

Alitupa patasi chini akapiga paja. Alicheka mpaka akakohoa, akafuta machozi kwa mgongo wa mkono uliojaa vumbi jeusi. "Kwenye chuma!" akawa anasema. "Wamekata chote, na vioo vyao, na madawa yao! Kwenye chuma, mwanangu!"

Nilimwacha acheke. Na mimi, Mungu anisamehe, nilisikia raha.

Kisha akatulia. "Sasa kwa nini ulisema?"

"Baba, watu wanapanda ile ndege. Kinyago kikifunguka ufa kinakuwa mezani kwa mtu. Ile wanapanda."

Aliokota patasi. Akaikagua ncha yake, akaipuliza. Alipoongea hakunitazama.

"Mie ningenyamaza."

"Najua, baba."

Nilikuwa najua tangu siku ile mlangoni, na ndiyo maana ilinichukua siku nne. Sikuogopa kufukuzwa kazi hata kidogo, kazi ya kuchomelea haikosekani Mbagala. Niliogopa kuwa mtu tofauti na baba yangu. Maisha yangu yote nilitaka kidole gumba chake kipite juu ya kazi yangu na kukosa, na sasa kilikuwa kimekosa kuliko siku zote, na mimi ndiye niliyekwenda kusema kwamba kuna ufa.

Alichonga kidogo. Akaacha. Akanitazama sasa, usoni, kwa muda ambao mtu mbishi huwa hampi mtu mwingine.

"Mkono umeutoa kwangu," akasema. "Huo mdomo sijui umeutoa wapi."

Tukacheka wote wawili. Mimi nilicheka huku nalia, na sikujificha.